Nyumba Iliyouzwa na Mama Ndani

Chumba kwangu hakikupatikana kwa maneno matamu. Marehemu mume wangu aliniachia lupango moja mjini Kolwezi: uwanja wenye ua, nyumba ya mbele niliyokaa mwenyewe, na vyumba vya nyuma vinavyotazamana na kisima. Vyumba hivyo ndivyo vilivyonilisha tangu kampuni ya migodi ilipoanza kuyumba. Basi aliyekuja kuomba chumba nilimwacha aseme yote, kazi yake, kanisa lake, ndoa yake, kisha nikamwambia aende, nitamwita. Sikumwita. Nilimfuata. Nilitokea bila taarifa pale alipokuwa akikaa, saa ya kupika, nikatazama mbabula yake ya makaa inawashwa wapi, maji machafu yanamwagwa wapi, na mwenye nyumba wake anamtaja kwa sauti ya namna gani. Akimsifu kupita kiasi nilijua anatafuta njia ya kumwondoa, nikageuza. Watu walisema nina jicho la polisi. Nilifurahi kusikia hivyo.

Aliyepita hapo alibakiwa na swali moja. Nililiuliza mlangoni, mbele ya wapangaji wote, ili wawe mashahidi.

"Ukikufa humu, tutaita nani?"

Wengine walishtuka. Mmoja alidhani namroga, akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Lakini swali hilo sikuliokota hewani. Nilipoanza tu kupangisha, mpangaji mmoja alinifia ghafla, mtu mpole wa kuuza chumvi, aliyeniambia kwao ni Tenke. Tulipeleka habari Tenke kwa treni. Hakuna aliyemjua. Nikabaki na maiti ya mtu nisiyejua hata kabila lake, nikamlilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Maana kwetu mtu akifa ndani ya lupango, kilio ni cha lupango zima. Mwenye nyumba hutoa mkeka wa kwanza, wapangaji hutoka vyumbani, jiko linakuwa moja, na wote hulala nje na wafiwa mpaka maziko. Ndiyo tunaita kulala kilio. Ukilala kilio cha mtu umekuwa ndugu yake, upende usipende. Kwa hiyo kila mpangaji wangu alikubali sharti hilo kabla ya kupewa ufunguo: kilio kikiingia kwangu, hakuna atakayejifungia chumbani.

Kisha ukaja wakati ambao hadi leo sijui niuite nini. Mishahara ya kampuni ilichelewa, ikachelewa tena, halafu watu wakaacha kuiulizia. Mfuko wa unga waliokuwa wakigawiwa wafanyakazi ukapungua, ukakoma. Mashimo ya mgodi wa Mashamba, ambako tulizoea kusikia magari makubwa yakinguruma kutwa, yalinyamaza, na kimya hicho kiliwatisha watu kuliko ngurumo yoyote. Ndipo wakubwa wakaanza kusema mikutanoni kwamba njaa yetu ina mwenyewe. Mwenyewe, walisema, ni Wakasai. Hao ni watu ambao babu zao waliletwa huku na kampuni na reli kuja kufanya kazi, na wengi wao walizaliwa papa hapa, wakabatizwa hapa, hawajawahi hata kuiona hiyo Kasai. Waende kwao, wakubwa walisema. Nilidhani ni maneno ya siasa, yatapita kama mengine. Hayakupita. Vijana wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, na stesheni ya treni ikaanza kujaa watu wenye vitanda vyao na kuku wao.

Katika siku hizo ndipo komisionere, dalali wetu wa nyumba, alipokuja kwangu akitabasamu.

"Mama, ku Kapata kuko nyumba. Bei yake, utacheka."

"Nyumba ya kuchekesha iko na kitu mu ndani," nilimwambia.

"Kitu gani? Benyewe banaenda zabo."

Nilielewa mara moja ni akina nani wanaokwenda. Mimi ni mwanamke wa kaskazini mwa Katanga, lugha yangu na yao ni dada na dada. Mtu wa Kasai akinisalimia kwa lugha yao nami nikamjibu kwa yangu, tunasikilizana vizuri kabisa. Lakini nilikuwa mjane mwenye lupango moja, na bei ya namna ile huioni mara mbili. Nilijifunga kitenge nikaenda huko mtaa wa Kapata.

Nilimwacha komisionere barabarani, maana dalali akiwepo kila ukuta husifiwa. Nyumba ilikuwa ng'ambo kidogo ya zile safu za nyumba za kampuni zinazofanana. Hii haikuwa ya kampuni. Mwenyewe, fundi umeme wa kampuni, aliijenga kwa mikono yake, likizo baada ya likizo. Nilifika saa ya kupika. Nikagonga kuta kwa vifundo vya vidole kusikiliza kama lipu imeachana na tofali. Nikaingia kila chumba nikitazama juu, maana jua likipita kwenye bati, mvua itapita pia. Nikaomba ndoo ya maji, nikaimwaga bafuni, nikatoka nje haraka kuona maji yanatokea wapi. Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na nilishangaa, kwa sababu nyumba ile haikuwa na kasoro. Nyaya zote zilipita ndani ya ukuta. Hata mfereji wa nyuma alikuwa ameusakafia.

Muda huo wote mke wake alikuwa sebuleni akifunga sufuria kwa shuka, na fundi alinifuata nyuma, mtu mrefu, ndevu hazijanyolewa. Nilipomaliza hakutaja bei. Alinipa kiti, na nadhani kilikuwa cha mwisho mle ndani, yeye akakaa juu ya mzigo.

"Mama, umemaliza kuuliza nyumba. Sasa ni mi njo nitakuuliza weye."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mtu mwenye uchungu. Lakini akaanza kweli. Lupango yangu iko wapi? Mpangaji wa mwisho aliondoka kwa amani au kwa matusi? Nani anapika kwangu, mimi mwenyewe au binti wa kazi? Ninapogombana na mtu, hasira yangu inakaa muda gani? Nikagundua kwamba wanunuzi wengine walikuwa wameshakuja, mmoja wao na gari lake mwenyewe, naye fundi akawafukuza. Komisionere mwongo yule hakunidokeza. Nilikuwa nimepigwa na butwaa: mtu anafukuzwa mjini, vijana wanaweza kuingia wakati wowote wakachukua nyumba bure, naye anachagua mnunuzi!

Halafu akasema, "Mutu akikufa mu lupango yako na hana ndugu, munafanyaka nini?"

Lilikuwa swali langu, limegeuzwa nyuma mbele, linatoka kinywani mwa mtu nisiyemjua. Nikamweleza habari ya yule mwuza chumvi, na mkeka wa kwanza, na sharti la ufunguo. Alinisikiliza akitazama mikono yangu. Kisha akaita kuelekea chumba cha nyuma.

"Mama!"

Akatoka bibi mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya kifua, miguu imevimba hadi vifundoni, akitembea kwa kushika ukuta. Chumba kile nilikuwa nimekiingia na kutazama bati. Sikuwa nimemwona kwenye kona yake. Alinisalimia kwa mikono miwili akaniuliza kama nimekula.

"Nyumba inauzwa na yeye ndani," fundi alisema.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Pale stesheni watu wanalala chini, mvua inawanyeshea, treni haijulikani itakuja lini, na ikija ni mabehewa ya mizigo. Mama yake hatafika hata Tenke. Kwa hiyo ameshusha bei mpaka pale ambapo kila mtu anacheka, na kile alichoshusha ni malipo ya chumba cha mama yake, yametangulizwa, mpaka afe.

Nilipandisha sauti. "Tata, mi nilikuja kuona nyumba! Mutu habauzishi!"

"Simuuzishi. Namulipia chumba. Ukimukubali, nyumba ni yako leo. Ukimukatala, usitaje hata bei."

Nilikuwa nimepima mapatano mengi maishani mwangu, mazuri na ya wizi. Nilijua thamani ya kisima, ya ukuta, ya jirani mlevi. Hili sikujua nilishike wapi. Kuweka Mkasai nyumbani wakati ule kulikuwa kujitafutia moto. Na kwa mazoea tu, kwa sababu ulimi wangu haukujua kufanya kingine mbele ya mpangaji mpya, nikauliza.

"Akikufa, nitaita nani?"

Mke wake aliacha kufunga shuka. Mtu wa kuitwa alikuwa amekaa mbele yangu, juu ya mzigo wake, na kesho asubuhi atakuwa stesheni, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye.

"Weye," alisema. "Utajiita weye."

Nilitoka nje. Nilichota ndoo nyingine nikaimwaga bafuni, nikaenda kuyatazama yale maji yakitiririka kwenye mfereji, maji niliyokwisha kuyaona. Sijui kama ilikuwa huruma au ilikuwa ile nyumba. Vyote viwili vilikuwa moyoni na sikuwa na namna ya kuvitenganisha. Niliporudi ndani nilisema ndiyo. Tukaandikiana mbele ya shefu wa mtaa, na kesho yake fundi na mke wake na watoto wao wakaondoka kwa miguu na mizigo kichwani. Hakumkumbatia mama yake. Alimrekebishia taa ya chumbani, akaijaribu, akaizima, akaenda.

Nilihamia Kapata mwenyewe. Bibi nisingeweza kumwacha peke yake, na lupango la mjini nilikwishalijaza watu ninaowajua: mshonaji nguo na mke wake, mwalimu, na dereva wa lori, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka upande wa mashariki. Mshonaji nilimpa kazi ya kuangalia ua.

Nilikuwa nimejiandaa kumhudumia mgonjwa, nikaletewa mama mkwe. Bibi yule aliamka kabla yangu. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya mbabula na kuniongoza kama jemadari. Bukari yangu, yaani ugali, ilikuwa laini mno, ya mtu asiye na meno. Sombe yangu, majani ya muhogo, niliitwanga kama ninaikimbiza. "Bwana yako alikula hii?" aliniuliza siku ya kwanza, kwa huzuni ya kweli. Nilikasirika, nikacheka, nikatwanga upya. Ningemchunguza kwa njia zangu zote asingeanguka hata moja. Maji yake machafu hayakuwahi kugusa njia.

Kila siku tulipika sufuria moja ya ziada, nami niliibeba hadi stesheni kwa fundi na watoto wake, waliokuwa bado wanangoja treni.

Sijui nisemeje kuhusu stesheni ile. Kila nilipofika nilishtuka upya, kana kwamba jana sikuwepo. Watu walilala kati ya reli, chini ya mashuka na vipande vya bati, akina mama wakipika juu ya mawe ya reli, watoto wakikohoa. Nilimwona muuguzi aliyenizalisha mtoto wangu aliyekufa, amekaa juu ya cherehani yake akitazama mbele. Nilimsalimia, akanijibu kwa adabu zote kama tumekutana sokoni. Na harufu ile, Mungu wangu, mvua ikinyesha juu yake. Mji mzima ulijua. Ulipita pembeni ukienda kununua sukari.

Fundi alikuwa akinipokea sufuria kwa mikono miwili. Kabla ya kufungua aliuliza jambo moja tu. "Alikula?"

"Alikula, na amenitukana."

Hapo alicheka, na ndevu zake zilikuwa zinazidi kuwa ndefu.

Nyumbani nako bibi aliniuliza lilelile. "Alikula?" Nikawa mtu wa kubeba neno hilo, asubuhi kwenda, mchana kurudi.

Vijana walikuja Kapata vilevile. Walikuwa kundi, majani yamefungwa vichwani, mmoja ana rungu. Nyumba hii ya nani? Nikawatolea karatasi ya shefu. Waliigeuzageuza.

"Na ule mama muzee?"

"Lokatere yangu," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita mpangaji.

"Anatoka wapi?"

Nilikuwa naogopa, lakini mimi nikiogopa napiga kelele, nimezaliwa hivyo. "Unataka kujua anatoka wapi? Ngoja akufe! Utakuja kuona nani atamulilia! Utanikuta mi, hapa, chini, bila kitambaa mu kichwa! Mukuje na batu benu!" Majirani wakachungulia. Vijana wakaangaliana. Kumtaja mama mzee na kifo kwa sauti namna ile kuliwatia aibu, au labda waliona nimerukwa na akili. Waliondoka. Bibi alikuwa amesikia yote. Aliniambia nikae ninywe maji, kisha akasema, "Mi sifi sasa. Usiseme-seme."

Siku moja pale stesheni aliyekuja kupokea sufuria hakuwa fundi. Alikuwa mke wake.

Alinivuta pembeni ya behewa bovu. Alisema bila machozi, kama mtu anayerudia maneno aliyotumwa. Mume wake aliharisha na kutapika, jioni alikuwa anaongea, alfajiri hakuwa anaongea. Wamemzika asubuhi, ng'ambo ya reli, pamoja na wengine, kwa sababu huwezi kuwaweka. Hakukuwa na kilio. Waliobaki hawana nguvu ya kulia.

Nilikuwa bado nimeshika sufuria na bado ilikuwa ya moto. Nilimwangalia mdomo, nikangoja aseme kwamba amekosea mtu. Ni yule mzima, mrefu, aliyejenga nyumba. Aliyekuwa wa kufa yuko nyumbani anachambua sombe! Nilitaka kumgombeza mtu, sikumwona wa kumgombeza.

"Usimwambie mama kabla treni haijaenda," alisema. "Akijua, atakuja hapa. Na miguu ile atakuja. Na hapa atakufa, mbele ya batoto."

Nikamwahidi. Nikatembea hadi Kapata na sufuria tupu, na pale mlangoni nikakutana na neno lake.

"Alikula?"

"Alikula, mama."

Niliendelea kupeleka chakula, kwa ajili ya mjane na watoto. Niliendelea kusema alikula. Bibi akazidi kuongeza, kipande cha samaki, kijiko cha mafuta ya mawese aliyoyaficha, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia zamani kwamba mwanawe amekonda. Nyakati nyingine nilifika njiani nikasimama nalia nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu, sufuria kichwani, halafu napangusa uso naendelea.

Mwishowe treni ilikuja. Niliwaona wakipanda, yaani niliona watu wakipanda juu ya watu. Mjane alinipungia mkono kutoka mlangoni mwa behewa la mizigo. Treni ikaondoka, na stesheni ikabaki na matambara na mawe ya kupikia, na watu wengine waliokuwa wanakuja tayari kuchukua nafasi.

Sasa ilibidi kumwambia. Na kwetu mtu haambiwi kifo cha mwanawe akiwa peke yake, mbele ya mtu mmoja, kama unamwambia maji yamekatika. Watu hukusanyika kwanza. Wanaingia na mikeka, wanakaa, ndipo neno linatoka, ili likimwangusha aangukie mikononi. Nilibisha hodi kwa majirani wa Kapata. Walinikubalia kwa macho, wakanikatalia kwa mdomo. Mama mmoja, mtu wa kanisa langu, alifungua mlango nusu.

"Kulilia Mukasai saa hii? Unatafuta batuchome?"

Nikaenda mjini, kwenye lupango langu. Niliwaita wapangaji wote uani, karibu na kisima, nikawaambia kilio kimeingia. Wakauliza nani. Nikawaeleza.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kukipata kinywa. "Mama, mi nilikubali kilio ya humu mu lupango. Hakufa humu. Alikufa ku la gare."

Alikuwa sahihi. Sharti langu lilisema humu, halikutaja stesheni.

Dereva alikuwa akiosha miguu yake kwa ajili ya sala. Hakuinua kichwa. "Mama yake ni lokatere yako?"

"Eko lokatere yangu."

"Alafu ni lokatere mwenzetu." Akamaliza mguu wa pili, akajipangusa. "Leo ni Bakasai banawekwa mu treni. Sijue kesho ni nani. Ngoja nisali, tuende."

Alisali, akatoka na mkeka begani. Mwalimu akaingia kwake akachukua wake. Mke wa mshonaji hakumwuliza mume wake. Alibeba sufuria kubwa na unga. Mshonaji alifuata wa mwisho, ananung'unika, na baada ya hatua chache alirudi kuchukua blanketi kwa sababu, alisema, mkewe anaumwa kifua.

Tulipita barabara kubwa mchana kweupe, mikeka vichwani. Mimi nilitangulia. Nilikuwa nimevua kitambaa cha kichwa, nywele wazi, kitenge nimekifunga kiunoni, kama anavyofanya mwanamke mwenye msiba. Kwenye kona ya Kapata vijana walikuwepo, na yule mwenye rungu alinitambua.

"Nani alikufa, mama?"

"Mutu ya kwangu," nilisema. Akashusha rungu chini, tukapita.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake kando ya mbabula. Sufuria ya ziada ilikuwa jikoni tayari. Asubuhi alikuwa amechelewa kunipa, alidhani nitarudi kuichukua niende. Aliinua macho akaona watu wanaingia getini mmoja mmoja na mikeka, mwanamke na sufuria kubwa, mwanamume na blanketi. Kisha akaniona mimi mbele yao, kichwa wazi.

Alisimama. Hakushika ukuta.

"Ee mwana yangu," alisema. "Nani alikufa?"

Sauti haikutoka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na watu wa kumshika walikuwa nyuma yangu, kila kitu kilikuwa kama inavyotakiwa, na sauti haikutoka. Akaja. Alitembea uwanja wote ule kwa miguu yake ile, akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika chini kwenye vumbi, akanishika mabega akanikalisha, akakaa nyuma yangu na kukivuta kichwa changu kifuani mwake. Alinuka moshi na sombe.

"Lia," aliniambia. "Lia, usiogope batu. Hauko peke yako, mi niko. Mi njo nitalala kilio yako." Akawageukia wapangaji wangu waliosimama pale na mikeka yao. "Ingieni, batoto, muikale. Chakula iko. Ile ya mutoto yangu, tutakula hii leo, yeye nitamupikia ingine."

Hakuna aliyekaa. Dereva aliinamisha kichwa. Mke wa mshonaji alijiziba mdomo kwa mkono. Bibi alikuwa akinipapasa nywele, akinitikisa taratibu, akisubiri nimtajie jina la marehemu wangu ili aanze kulia pamoja nami.

"Mama," nilisema ndani ya kifua chake, "si wangu."

Mkono wake ulisimama juu ya kichwa changu.